Kinywaji cha Kushushia Dindo

Jumatatu, 14 Desemba 1953

Suruali ya katekista tena. Anasema magoti yanaisha kwa kusali. Mimi naona yameisha mbele, na nyuma pia. Nikatia viraka pande zote mbili.

Dindo, bata mzinga wetu, anaendelea kunenepa. Yule dume niliyepewa na madamu wa plantesheni kule kwetu Masisi, milimani, malipo ya kumshonea mapazia. Anatembea uwanjani kama karani mpya. Tutamchinja Noeli. Papa Kibira na watu wake watakuja kula.

Papa Kibira ni muwindaji wa hapa Mpofi. Mtoto wake Danieli anamtaka Anjela wetu tangu mvua zilizopita, na Anjela anamtaka. Lakini mzee hajafungua kinywa. Akija kwetu anasema mbwa, mitego, mvua. Mwaka mpya ukiingia Danieli anakwenda kazi ya madini, mbali, kwa miaka. Noeli ikipita bila neno, basi. Anjela anakonda. Inaniuma.

Jumatano, 16 Desemba

Nimefikiri juu ya kinywaji. Katika jambo hili mimi si mtu wa kudharau. Kabla ya kujifunza kushona nilihudumia meza ya wazungu Masisi. Kila Noeli waligombana: dindo anataka divai gani? Mmoja: nyeupe, maana ni ndege. Mwingine: nyekundu, maana paja lake ni jeusi. Madamu aliweka zote mbili, ugomvi ukaisha. Mwanamke mwenye akili.

Mimi sikuionja. Sheria inatukataza divai yao. Lakini pua haina sheria, na vizibo nilikuwa navikusanya mimi.

Kwa hiyo nimekata shauri. Malafu, tembo la mchikichi, kwa kifua. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa paja. Nikamweleza mke wangu. Akajibu:

"Papa Anjela, weye pima suruali."

Yeye amechagua zamani. Kasiksi peke yake. Ndizi ziko ndani ya shimo tayari, zimefunikwa majani, vile mama yake alivyofanya huko milimani. Hakuna mwanamke anayepika kasiksi kama yeye. Nasema hivyo hata tukiwa tumegombana.

Jumamosi, 19 Desemba

Jambo baya. Huko Masisi baridi inazilaza ndizi shimoni, zinaiva polepole. Hapa porini joto halilali. Mke wangu alipofunua shimo, ndizi zilikuwa laini zote, nyuki wamekwisha kufika. Tangu tuhamie huku hii ni mara yake ya kwanza kupika pombe nyingi. Alihesabu kwa kalenda ya milimani.

Hakuwa na namna. Akakamua, akatia mtama wa kukaanga. Jioni chungu kilikuwa kinatoa povu kama mdomo wa mbuzi mgonjwa. Na Noeli bado siku sita; pombe haitangoja.

Jumanne, 22 Desemba

Imekuwa chachu. Alionja, akatema. Jirani yetu Mama Feza akachungulia kwa ukuta.

"Eh, ba Masisi! Munapika pombe ao siki?"

Mke wangu akacheka kumpita yeye. Mimi nilikasirika. Nikasema nitatafuta malafu, nijaze kibuyu, aibu iishe. Akakataa. Alikaa karibu na chungu, halafu akanituma kwa Papa Kibira.

"Mwambie pombe yangu imeharibika. Dindo iko. Tuko na kiu, akuje na malafu yake."

Mgeni! Unamwalika mtu, halafu unamwambia abebe kinywaji! Nilitoka na hasira. Nilikuwa nimepita kisima niliposimama. Watu wa hapa, baba wa kijana akiingia uwanja wa msichana na malafu begani, amekwisha kuposa. Hahitaji kusema kitu. Nilicheka peke yangu njiani. Mama mmoja mwenye kuni alinipita, akanihurumia.

Kwa Papa Kibira nilisema maneno vile nilivyotumwa, na uso wa mjinga. Uso huo ninao, sikuhangaika kuutafuta. Mzee alimkuna mbwa masikio. Akasema: "Nimesikia." Basi.

Alhamisi, 24 Desemba

Naogopa. Akija mikono mitupu, ni jibu. Na kijiji chote kitaliona.

Dindo amechinjwa. Amezeeka, nyama ngumu kama gurudumu la kamyo. Mke wangu alimkata, akamzamisha ndani ya kasiksi chachu pamoja na vitunguu na pilipili. Hatupi kitu mwanamke huyu.

Danieli amepita mbele ya nyumba mara nyingi, anatafuta mbuzi. Kwao hawana mbuzi. Anjela hakula.

Ijumaa, 25 Desemba, Noeli

Misa. Sikusikia mahubiri. Naungama hapa tu.

Tulikuwa tunangoja. Iko njia ya mkato nyuma ya nyumba, kila mtu anapita huko. Papa Kibira hakupita huko. Alipita katikati ya kijiji, polepole, mbele ya watu wote waliotoka misa, kibuyu kikubwa begani, majani kinywani mwa kibuyu. Alikibeba mwenyewe. Danieli nyuma, haangalii mtu.

Alikitua mbele ya mke wangu.

"Mama Anjela, mwaka muzima nilingojea. Kwetu muntu habebe malafu kwa nyumba yenye haijasema iko na kiu. Nikafikiri munatukataa."

"Na sisi kwetu," akajibu, "hatuite muntu. Kijana njo anakuja mwenyewe."

Mwaka mzima! Wote wawili tumekaa kwa heshima, kila mmoja kwa desturi yake, na watoto wanakauka katikati.

Mzee akanywa kwanza, kuonyesha hakuna sumu. Akajaza kikombe, akamwita Anjela: msichana akinywa, amekubali. Anjela alikunywa kabla sijamaliza kukohoa niseme neno, akaniletea mimi. Nikanywa. Wanawake wakapiga vigelegele, Mama Feza mbele yao.

Dindo sasa. Nyama ilikuwa laini, inaachana na mfupa, chachu kidogo, kali. Malafu yalikuwa ya asubuhi ile, matamu. Kikitoka kimoja kinywani unataka kingine. Kifua ao paja, sawasawa. Kumbe vinywaji vyote viwili vilikuwepo: kasiksi chunguni, malafu kikombeni. Wazungu hawakufikiria hilo, na mimi vilevile.

Nilimuuliza mke wangu pembeni: ulijua desturi yao, ao ni chungu tu kilikulazimisha?

"Kula, inapoa."

Sitajua. Namheshimu hata zaidi.

Jumamosi, 26 Desemba

Mvua nyepesi. Sikushona kitu.

Asubuhi Anjela alichukua mtungi, akaenda kuteka maji. Mama yake akamfuata hadi kisimani. Hakubeba mtungi. Hakubeba kitu; siku za binti nyumbani zimebaki chache. Nimewaona wakirudi polepole.