Nani Alimbuke Kwanza?

Alhamisi. Hapa Iguguno upepo wa baridi umevuma tangu asubuhi, na mimi kichwa hakinikai sawa.

Jumapili hii ni Pentekoste na nimepangiwa kufundisha shule ya Jumapili. Nilipomwambia mama, akageuka kitandani akaniangalia vibaya. "Umehama kanisa?" Kwake yeye Pentekoste ni wale wa ng'ambo ya barabara wenye spika kubwa. Nikamweleza kuwa ni sikukuu, tena ya mavuno, Wayahudi walikuwa nayo kabla yetu. Walimpelekea Mungu mikate ya ngano mpya.

Hapo akatulia. "Limbuko," akasema. "Hilo nalijua."

Laiti ningenyamaza.

Mama anaumwa tumbo, wiki ya pili sasa hali chochote cha maana. Hospitali wamempa dawa, wamesema ajitahidi kula. Ugali hataki, wali hataki, hata maziwa anayasukuma. Jana akasema anatamani uji wa uwele mpya. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nikaenda shambani mbio, nikakata masuke yaliyowahi kukauka, nikapura, nikapepeta. Nimepata kisado kimoja tu. Mengine bado mabichi, na ndege nao hawana huruma.

Leo nashika mchi nitwange, naye akauliza, "Umeshapeleka kanisani?" Nikasema bado, tutapeleka Jumapili.

"Basi na mimi nitakula Jumapili."

Marehemu babu hakuruhusu mtu kugusa nafaka mpya kabla ya kutolewa sadaka, na mama ni mtoto wa baba yake. Lakini amekonda mno. Acha niseme wazi: naogopa mama atakufa akisubiri sikukuu niliyomkumbusha mimi mwenyewe.

Nikampigia mchungaji. Akasema, "Mpikie mama, mwalimu. Jumapili utaleta kitakachobaki." Nikapeleka jibu chumbani haraka haraka. Mama akafumba macho.

"Mungu hali makombo."

Sasa nishike lipi?

Mchana kutwa nimesoma Maandiko. Wayahudi walikwenda kutoa, na siku ile ile Mungu ndiye akatoa, akawamwagia watu Roho wake. Tena tunafundishwa kuwa walioamini siku ile ndio limbuko la kanisa. Lakini kwetu kulimbuka ni kuonja kitu kipya. Basi siku ya Pentekoste aliyelimbuka ni nani, Mungu au watu? Watoto wakiniuliza nitajibu nini? Mchungaji naona ana haki, mama naye naona ana haki, na katikati yao kuna sufuria tupu.

Mungu aliyetoa siku ile hawezi kutaka mgonjwa ashinde njaa. Hilo naliamini. Ila siwezi kumlazimisha mama amkosee Mungu wake akiwa hoi kitandani. Kumdanganya nimefikiria pia, nimeshindwa.

Kesho asubuhi nitachota uwele bakuli moja niupeleke kanisani. Mlango utakuwa umefungwa, najua. Nitauweka kizingitini, nisali hapo hapo. Kuku wa jirani wakiula, waule. Kisha nitarudi nitwange, nipike, nimwambie mama nimepeleka, na itakuwa kweli.

Haitakuwa Pentekoste bado. Kama kumuwahi Mungu ni kosa, anidai mimi. Mama atakuwa ameshakula.