Seva Zilizozimwa kwa Makusudi

Alhamisi, Agosti 2014. Tunduma. Baridi, upepo, vumbi mpaka kwenye meno.

Nina hasira. Acha niandike kwanza, kulia baadaye.

Ofisi yetu ya kutoa mizigo mpakani ina seva tatu, na mtunzaji wake ni mimi. Ndani yake zimo kompyuta pepe kumi na moja: hazishikiki, lakini kila moja ina kazi yake, nyaraka, barua pepe, kumbukumbu. Ndiyo wingu letu wenyewe. Nyingi hushinda hazina kazi, huku seva zote tatu zikila umeme. Mwezi mzima nimezihamisha kompyuta pepe hizo taratibu kwenye seva moja, seva mbili nikazizima. Umeme ukikatika, betri zikawa zinadumu saa moja na nusu badala ya nusu saa.

Bosi nilimweleza mara moja tu, kwa maneno ya kitaalamu, akaitikia “sawa.” Nilijua hakuelewa. Hapo nilikosea, nakiri.

Leo asubuhi nikiwa forodhani, alileta wageni. Bosi zamani alikuwa dereva wa lori, na kwake gari lililozimwa kwenye foleni limekufa. Kuona seva mbili hazina taa, akaona aibu. Akaziwasha.

Akaziwasha bila hata kunipigia simu!

Saa sita umeme ukakatika. Fundi alikuwa bado anahangaika na jenereta betri zilipokwisha baada ya nusu saa tu, na nyaraka za Bwana Chanda, dereva wa Kitwe, Zambia, zikakatikia njiani. Alikuwa amelala foleni siku nne na leo ilikuwa zamu yake. Niliporudi ofisini alinijia dirishani, wala hakupaza sauti.

“Ba sista, leo tena nalala hapa?”



Halafu bosi, mbele ya ofisi nzima: “Binti, umezimazima mashine mpaka umeziharibu. Kesho saa mbili niletee maelezo kwa nini nisikuachishe kazi.”

Mimi!

Nimeandika maelezo mara tatu. Mara mbili niliomba radhi, nikachana. Kazi hii naihitaji, lakini siwezi kuomba radhi kwa kitu nilichokifanya vizuri. Ya tatu ina mstari mmoja: “Sikuziharibu, nilizizima kwa makusudi, na nikibaki nitazizima tena.”

Nitampelekea pamoja na taa za Krismasi za mama yangu. Wageni wakija, azifunge kwenye seva, zimeremete anavyotaka.