Nani Afutwe Kwenye Sinia

Mzee wangu Hamisi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza barua bila kukuamkia utaniuliza kama kwetu Iringa hatukufundishwa adabu.

Arobaini yako tumeisoma juzi, nyumbani kwako Kasingirima. Watu walijaa mpaka barazani. Mimi nilikuwa jikoni na mkeo, Bi Zaituni, na aliyeshika mwiko ni Spesiyoza, yule mama aliyevuka ziwa na watoto wake akikimbia vita vya Burundi, ukawapa chumba cha uani. Bado wapo. Bado anakuita "data", baba, na ukitajwa anageukia ukutani.

Habari za ofisi yetu ya takwimu ndizo zinazonichoma. Kazi yako ya kulinganisha matumizi ya kaya zetu na za Burundi, tangu kabla ya vita mpaka sasa, amekabidhiwa mkuu mpya. Jedwali lake linaonyesha kwamba Burundi wameporomoka, na Kigoma kila mtu anakula zaidi kuliko zamani. Anataka kuwaandikia makao makuu kwamba mkoa umestawi.

Umestawi wapi, Mzee? Dagaa wa Kibirizi tunanunua fungu lile lile dogo, na Mwandiga watu bado wanapimiwa mawese kwa kijiko.

Nikapekua. Kumbe ameagiza wakimbizi wote wanaoishi kwenye kaya za mjini wafutwe kwenye idadi ya watu. Unga waliokula kauacha, midomo kaiondoa. Gawa unga huo kwa waliobaki, hata mimi na wembamba wangu naonekana mlafi. Nilipomuuliza akasema, "Hao ni Warundi, wahesabiwe kwao." Kwao atawahesabu nani, na nyumba zao zimebaki magofu? Basi Spesiyoza hali popote. Kwao hayumo, kwetu hayumo, na sufuria anasugua yeye.

Nikakumbuka siku yangu ya kwanza kazini, kule Ujiji, nilipomuuliza mwenye nyumba amezaa watoto wangapi. Ulinivuta pembeni: "Binti, usiulize nani kazaliwa humu. Uliza nani anakula humu." Kisha tukakaribishwa ugali, nikala mpaka nikaona haya, ukanitania njia nzima kwamba kaya ile imeongezeka mtu.

Mkuu alikuja kwenye arobaini, nampa haki yake. Aliketi sinia moja na watoto wa Spesiyoza, na yule mdogo akammegea samaki wake, mgebuka. Alipokwisha kunawa nikamfuata mlangoni.

"Mkuu, kwenye sinia lile nimfute nani?"

Akainama kutafuta viatu vyake. "Tutaongea ofisini," akasema.

Ofisini akaniambia nifute, la sivyo nifunge mizigo, nitahamishwa. Nikamwambia mimi kwetu Iringa, yeye kwao Tanga, sote tunakula unga wa Kigoma na hakuna aliyetufuta. Akanifukuza chumbani kwake.

Nimekataa, Mzee. Nimeirudisha midomo yote kwenye hesabu, na ule ustawi ukayeyuka. Tumebaki tulivyo: watu waliokuwa na kidogo, wakakigawa na wageni miaka yote hii. Mimi naona hiyo ndiyo habari ya kupeleka makao makuu, na nimeipeleka, kwa jina langu. Wakitaka kunihamisha wanihamishe. Nina hasira, sifichi. Hata wewe nimekukasirikia, kufa wakati huu, ukaniacha nibishane peke yangu. Halafu nalia, halafu hasira inarudi.

Mizigo sijafunga. Nakuahidi, popote watakaponitupa, nitabisha hodi na kuuliza swali lako lile lile, na atakayejibu "mimi nakula humu" simfuti, awe katoka wapi.

Pumzika, Mzee wangu. Nakuandikia nikiwa barazani kwako, na Spesiyoza ananiita, ugali unapoa. Siku hizi na mimi nakula humu.

Binti yako wa kazi,
Atupele