Barabara Aliyopita Mutua

Jumatatu, 2 Juni

Nyuzi kumi na nne asubuhi. Ukungu hadi saa nne. Dawa ya moyo, dawa ya kukausha maji, na ile nyeupe ambayo sikumbuki tena ni ya nini. Miguu imevimba kuliko jana. Soksi zinaacha alama.

Uji umeletwa na Mbithe, shemeji yangu, mke wa mdogo wangu Mutua, wa nyumba ya pili. Ameuleta kila asubuhi tangu mke wangu afariki. Anaweka kikombe, anauliza, "Umelala?" Nasema nimelala. Basi.

Mchana alikuja Kioko, mwanawe, kutoka Kyumbi anakouza mabati. Hakuja kunisalimu tu. Anataka babake awekewe jiwe karibu na makaburi ya wazee wetu, na amwagiwe uji kama wengine. Kwetu marehemu humwagiwa kidogo chini kabla walio hai hawajanywa, na anayemwaga ni mkubwa wa nyumba. Mkubwa wa nyumba ni mimi. Wa rika langu hakuna mwingine aliyebaki.

"Nau, usikasirike," alisema. Huniita baba, maana wake hakumjua. "Lakini wewe ukienda, hii maneno nani ataifanya?"

Sikukasirika. Daktari aliniambia jambo hilo hilo, kwa adabu zaidi.

Wamepanga Jumamosi ya wiki ijayo. Ndugu wataitwa. Nitatakiwa niseme, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwona Mutua mara ya mwisho. Ndivyo wajuavyo wote: kwamba nilimsindikiza mdogo wangu hadi kituoni, akapanda basi la Mombasa kutafuta kazi, asirudi.

Sikumsindikiza kituoni.

Jumatano, 4 Juni

Mbithe amekataa. Wamekosana uani, mimi nikiwa kwenye kiti nikijifanya ninaota jua.

"Unamwagia nani?" alimwuliza mwanawe. "Mtu anatembea, wewe unamchimbia shimo."

"Mwaitu, mama yangu, anatembea wapi karibu miaka hamsini? Hata viatu vimeisha."

"Viatu hununuliwa."

Kioko alicheka, kisha akaona mama yake hacheki. Akaondoka. Mbithe akarudi kwenye kiondo anachosuka, kwenye kigoda chake mlangoni.

Ule mlango. Walipomjengea nyumba ya mawe, alitaka mlango uelekee upande wa barabara ya Mombasa. Upepo na vumbi vyote hutokea huko. Fundi alipinga. Mimi nilisimama pale nikamwambia fundi amfanyie mama anavyotaka.

Na kuna safari aliyokwenda mwenyewe, Kioko akiwa mgongoni. Alizunguka malango ya bandari akiuliza watu kama wanamjua Mutua wa Machakos. Nauli nilitoa mimi. Nikamnunulia na mkate wa njiani.

Naona aibu hata kuandika.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeanguka bafuni. Si vibaya. Nilikaa sakafuni nikitazama maji yakienda kwenye tundu, yakizunguka. Nikafikiri: sina wiki nyingi.

Sikumwita mtu. Niliinuka mwenyewe baadaye.

Jumamosi, 7 Juni

Niandike sasa, mkono ungali unashika kalamu.

Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa. Nilikuwa mwalimu kijana wa fizikia, wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu. Mutua na mimi tulikuwa tunatoka kwa mjomba kwa barabara ya Kyamwilu. Wakati huo bado ilikuwa ya murram, bila lami. Ndipo mahali ambapo maji yakimwagwa huonekana yakipanda mlima. Siku hizi watu hutoka Nairobi kuja kupiga picha.

Alasiri. Jua kali. Ukame ulikuwa mbaya mwaka ule, mbuzi walikuwa wamemaliza kila kichaka. Mutua alisukuma baiskeli mbele yangu, hatua chache tu. Shati la buluu. Alikuwa ananicheka kwa viatu vyangu vya mjini. "Mwalimu, hata maji yanapanda haraka kukushinda," alisema. Kokoto ikaingia kiatuni. Nikainama kuitoa. Nikainuka.

Hakuwepo.

Hapakuwa na pa kujificha. Hakuna mtaro, hakuna jabali, hakuna mti wa maana. Alama za magurudumu zilikuwa vumbini, zimenyooka, kisha zikakoma. Hazikupinda. Zilikoma kama mstari ubaoni pale chaki ilipoinuliwa.

Na nilisikia kengele ya baiskeli. Mbele yangu, kwenye barabara tupu. Kengele yake ilikuwa na ufa, mlio ukikatika katikati, nisingeikosea. Ililia, ikasogea juu, ikawa ndogo, ikanyamaza. Nilimwita mpaka sauti ikakauka.

Nilikaa pale hadi jua likashuka. Nilipofika nyumbani nilikuwa tayari nimeshatunga basi, Mombasa, na baiskeli iliyofungwa juu ya basi. Mutua alikuwa ametaja Mombasa mara nyingi, kwa hiyo kila mtu aliamini. Ningewaambia ukweli wangesema nimemuua, au nimerukwa na akili. Lakini niliogopa zaidi kuchekwa. Msomi wa fizikia, ati mdogo wake amemezwa na hewa. Hiyo ndiyo sababu hasa. Ni ndogo sana.

Miaka iliyofuata niliwapeleka wanafunzi wangu huko na pimamaji. Tulipima vizuri. Pale barabara inashuka. Vilima vya kando ndivyo vinavyodanganya macho. Niliwaambia hivyo, na ni kweli. Ila sikwenda kwa ajili ya pimamaji. Nilikwenda kusikiliza.

Kengele ililia tena mara moja tu. Msichana mmoja alisogea kando ya barabara, kama anayempisha mtu. "Mwalimu, kuna baiskeli inakuja," alisema. Akageuka huku na huku.

Nilimwambia aendelee kuandika vipimo.

Jumapili, 8 Juni

Mwende, binti ya Kioko, amekuja kutoka Athi River. Anashona nguo za kwenda ng'ambo, huko kwenye viwanda vya EPZ. Ana usingizi kila mara. Amenifulia, kisha akakaa miguuni pangu na simu. Huniita umau, babu.

"Umau, ati Kyamwilu yetu ni mlango wa dunia ingine? Huku wanasema kuna pande za ulimwengu hatuwezi ona."

Nilimpa jibu langu la miaka yote. Macho, vilima, pimamaji.

"Ai, umau. Unaboo."

Alikuwa na haki. Nimesoma nadharia hizo muda mrefu kuliko umri wa baba yake. Urefu, upana, kimo, na labda upande mwingine tusio na jicho la kuuona. Siafu akitembea juu ya karatasi hajui juu wala chini; ukimwinua mwenzake kwa kidole, yeye ataona ametoweka. Kwa hesabu inawezekana. Nimejaza madaftari kwa hesabu hiyo. Haikunionyesha Mutua alipo. Ilinipa maneno tu, nikajifunika nayo.

Alipokwenda zake nilitamani kumwita arudi. Sikumwita. Anayestahili kusikia kwanza si yeye.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwambia Mbithe.

Nilitembea mwenyewe hadi mlangoni kwake, nikipumzika njiani. Alikuwa anasuka. Nilianza vibaya, kwa njia ya darasani. Nilishika kiondo nikasema uzi unaweza kuingia nyuma, usiuone, na bado usiwe umekatika.

"Usinifundishe kiondo," alisema. "Wewe hata mbuzi hujui kufunga. Sema kitu umekuja kusema."

Nikasema. Yote, hata kengele. Hata sababu.

Alimaliza mstari aliokuwa akiusuka. Kisha: "Alikuwa amevaa gani?"

"Shati la buluu."

"Lile nilishona kwapa." Akaendelea kunyoosha uzi kwenye paja. "Alinitaja?"

Ningeweza kumpa neno moja. Lingenigharimu nini? Lakini nimedanganya vya kutosha.

"Hapana. Alikuwa ananicheka viatu."

Aliitikia kwa kichwa. Akatazama nje, kule anakotazama siku zote.

"Mwalimu," alisema, "nimekaa hapa nikimngoja upande hakuenda."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikusanya makonge yake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Alhamisi, 12 Juni

Hakuna uji. Wala jana.

Nimekunywa chai ya jioni iliyobaki kwenye chupa. Kifua kizito. Mlango wake umefungwa mchana kutwa. Nilifikiri kusema kweli kungenipunguzia mzigo. Haukupungua. Sasa tunaubeba wawili, na yeye hakuwa ameomba.

Ijumaa, 13 Juni

Kioko alipiga simu kuuliza kama mkutano wa kesho upo. Nilimwambia auahirishe, awaarifu watu.

"Mwaitu amekushinda?"

"Ongea naye," nilisema.

Wameongea kwa muda mrefu, nadhani. Alasiri Mbithe alikuja. Hakuketi.

"Sitaki jiwe," alisema. "Kaburi pia sitaki. Lakini tangu siku hiyo hakuna mtu amempa hata tone, na mkubwa wa nyumba ni wewe. Utampa pale pale barabarani. Si kama marehemu. Kama mtu anapita njia ana kiu."

Nikamwambia desturi hiyo haipo.

"Na ya kupotea hivyo iko?"

Jumamosi, 14 Juni

Tumekwenda. Nimechoka lakini niandike.

Kioko aliendesha polepole kwa ajili yangu. Mbithe mbele, kibuyu cha uji mapajani, ameufanya mwepesi. Mwende nyuma, akinishika bega kila tulipopinda kona. Hakuna aliyewasha redio.

Kyamwilu palikuwa na wageni, na vijana wanaouza maji ya chupa wakufanyie maonyesho. Mmoja alikimbilia dirishani. Kioko akamwambia, "Sisi si wageni, boss. Tuko na uji yetu." Yule kijana alitutazama mmoja mmoja, kisha akawaita wenzake wakasogea mbali. Namshukuru.

Nilitafuta mahali. Lami imebadilisha kila kitu. Niliwaonyesha nilipodhani nilisimama, na alipokuwa yeye. Kioko alikwenda akasimama pale pa babake, mikono mfukoni. Mtu wa miaka hamsini, lakini amesimama kama mtoto aliyeambiwa asubiri.

"Kwa hivyo hakutuacha," alisema.

"Hapana."

"Nimekuwa nikimchukia, nau." Akageuza uso. Mwende akatazama chini. Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Katika hesabu zangu zote, sikuwa nimemhesabu mtoto.

Mbithe alinipa kibuyu. Akanishika kiwiko. Nilimwaga. Nilipaswa kusema jina na nikalisema: Mutua. Nikasema kaka yako amechelewa.

Uji ulitulia kidogo kwenye lami, kama unaofikiri. Kisha ukashika njia. Ulikwenda mbele, ukiwa mwembamba, kuelekea kule kengele ilikokwenda. Machoni mwetu sote ulikuwa unapanda. Mbithe aliufuata, hatua kwa hatua, ameinama, mpaka ulipoisha.

"Umepanda," alisema.

Nimefundisha maisha yangu yote kwamba haupandi. Najua mteremko ule. Nimeupima kwa mikono yangu. Alinigeukia, akingoja.

"Umepanda," nikasema.

Kengele sikuisikia. Nilisikiliza sana.

Njiani kurudi Mbithe alilala, kichwa kwenye kioo. Sijui kama nimeanza tena kumdanganya. Labda mwingine angejua.

Jumatatu, 16 Juni

Uji umeletwa. "Umelala?" Nimelala.

Daktari amesema nirudi hospitali. Nimekataa. Kioko hakubishana. Amekaa nami kidogo, akaninyoa ndevu.

Tangu asubuhi kuna kishindo nyumba ya pili. Mbithe amemleta fundi atoboe ukuta wa nyuma, aweke dirisha upande wa Kyamwilu. Kioko alimwambia upande ule ni wa baridi. Akamjibu ana shuka.

Mchana alikuja na kiondo chake akaketi karibu na kitanda. Alisuka muda mrefu. Alipoinuka alipanga dawa zangu mezani, akazipanga tena.

"Ukimkuta," alisema, "mwambie apige kengele akiwa bado mbali. Siku hizi mimi sikimbii."

Nikasema nitamwambia.

Nyuzi kumi na tatu. Ukungu umeondoka mapema. Fundi bado anagonga.