Taja Shamba Kabla ya Kuzibua

Baba yangu, mlinzi wa ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba ya Chome,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na barabara ya kushuka Same, wameitengeneza au bado mnasali kila kona? Mimi mzima, nimenenepa, na kazini kwetu hapa Dubai hakuna asiyenijua, kuanzia mfagizi hadi meneja. Ila mwezi huu walinijua kwa ubaya.

Kazi yangu, Baba, ni kutunza diski, yale maghala ambamo kompyuta huweka kumbukumbu za watu. Diski ikijaa makorokoro naandika amri fupi, inafutwa, inapokea mapya. Kwa kasi nawashinda wenye digrii wote, na kidato cha pili changu hikihiki! Basi kwa kasi hiyo nikafuta diski ya saba badala ya kumi na saba. Kumbukumbu za kliniki ya watoto, kwisha. Nakala zilikuwepo, zikarudishwa kwa siku tatu, lakini meneja akaniita.

"Mbonea, tengeneza amri ambayo hata wewe hutakosea nayo. Ukishindwa, mwisho wa mwezi panda ndege."

Otieno, Mkenya ninayekaa naye meza moja, akashauri, "Amri yako ikuulize kwanza: una uhakika? Mara tano."

"Kaka, hata ingeniuliza mara hamsini ningejibu ndiyo. Uhakika nilikuwa nao tele! Na maswali yakizidi, watu watatafuta njia ya panya."

Unatujua Wapare, kwa kesi ya kuku tunauza ng'ombe. Sikuiachia. Ndipo nikakumbuka siku nilipozibua ndiva kwa kiherehere, maji yakasomba miche ya tangawizi ya shangazi. Hukunichapa. Ila tangu hapo sikugusa kizibo mpaka nitembee mfereji wote kwa miguu, nirudi nikutajie maji yanakwenda shamba la nani. "Ndiyo" yangu hukuitaka.

Amri yangu ni hivyohivyo. Kwanza inakuonyesha diski ni ya nani na ina nini ndani. Ikiwa inatumika, inagoma. Ikiwa haina mwenyewe, unaandika jina lake lote kwa mkono, halafu inafuta papo hapo, haikuchoshi.

Jana meneja alitukusanya kuijaribu. Nikakaa mbele kwa maringo, vidole vinaruka kama vya mpiga kinanda wa kanisani. Nikaandika diski ya saba. Tena, Baba! Kioo kikajibu: "Hii ni ya kliniki ya watoto. Inatumika. Sifuti."

Otieno akapiga meza. "Mpare, umekatazwa na mtoto wako mwenyewe!"

Meneja akakitazama kioo, akanitazama mimi. "Kama imekuweza wewe, itawaweza wote." Kesho tunaanza kuitumia.

Kwa hiyo ndege nitapanda Desemba, tena kwa tiketi ya kwenda na kurudi, nije kwenye msaragambo, kijiji kizima tutoe tope kwenye ndiva. Nisalimie Mama, na shemeji wa bodaboda, apunguze mwendo. Shangazi mwambie miche yake imeokoa kibarua changu.

Ni mimi mwanao, ambaye sasa naanza kwa kutembea mfereji,
Mbonea