Viatu vya Trizah Vinanuka Omena

Javan mwanangu,

Uji uko kwenye chupa. Jua likipanda, geuza omena, dagaa wale niliowaanika pale uani, na ufukuze kuku.

Nimeenda Mbita na Trizah kwenye mbio zake. Ni kilomita ishirini na moja, na mtoto hajawahi kupita kumi. Asubuhi alipotaka kuvaa viatu vyake vya mbio, alivikuta vimelowa, vimejaa matope na magamba ya omena. Ulivivaa jana kama ndara, visigino nje, kupokea mashua ufuoni! Nilivinusa nikaviweka nje. Nilipokuuliza, ukajibu ukiwa bado kitandani, “Viatu ni viatu tu, Mama.” Mtu mzima, baba mdogo wake! Nimechukizwa, Javan.

Trizah hakulia. Alisema, “Nyanya, nitakimbia miguu mitupu.” Phanice jirani akasikia, akavua raba zake palepale akampa, kisha akarudi kwake akikanyaga umande. Zilikuwa kubwa kidogo, tukajaza pamba mbele. Mpelekee Phanice mayai yote ya leo, na umsalimie vizuri.

Vile viatu vioshe kwa sabuni, kwa mikono yako mwenyewe.

~~Usije Mbita. Sitaki kukuona.~~

Njoo. Fika saa nne, usimame pale wanapomalizia. Najua atakutafuta kwa macho, kwa sababu ni wewe uliyemnunulia viatu hivyo na kumwambia anaweza. Hata akiwa wa mwisho, piga makofi mpaka afike.

~~Mama yako~~
Nyanya wa Trizah