Samoni wa Maziko ya Delwin

Pembury Cove, Maine
4 Mei 1974

Shemeji Orrin,

Waonaje hali huko hospitalini Bangor? Na mguu unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila nyumba imekuwa kubwa.

Barafu iliondoka ziwani Jumatatu. Mchimba kaburi anasema ardhi iliyoganda kwa baridi imelainika, kwa hiyo Delwin wangu atatolewa kwenye kile chumba cha mawe alikowekwa tangu Februari, tumzike Jumamosi tarehe kumi na nane. Nataka watu wakitoka makaburini wale samoni wa ziwa lake. Unakumbuka alivyokuwa akisema: "Mkinizika kwa nyama ya kopo, nitarudi."

Nimetoka na mashua siku nne. Nakokota chambo nyuma kama tulivyofanya kila Agosti: ule mshipi mzito wenye waya wa risasi ndani, uliopakwa rangi za kupimia kina, naushusha mpaka rangi ya sita, naenda polepole kabisa. Sijapata hata trauti mmoja. Ukungu hukaa juu ya maji mpaka saa nne, na injini inanibembeleza. Mara nyingine nahisi Delwin yuko nyuma yangu anafungua chupa ya kahawa, nami nangoja aniambie nikate kona. Haniambii.

Mwezi wa Mei mlikuwa mkienda ninyi wawili tu. Nieleze, nakosea wapi?

Shemeji yako,
Verna

Bangor
9 Mei 1974

Shemeji Verna,

Barua imefika, na nimefurahi kwamba u mzima. Mguu bado. Daktari hataki kusikia habari ya mimi kutoka kabla ya Juni, kwa hiyo ndugu yangu atazikwa mimi nikitazama ukuta.

Shemeji, unavua Agosti ndani ya Mei. Maji sasa ni baridi juu hadi chini, na samoni wako juu wanafukuza dagaa. Wewe unapitisha chambo chini ya matumbo yao.

Weka kando mshipi wa risasi. Chukua ufito mwembamba wa kuvulia wa Delwin na mshipi mwepesi, ufunge chambo cha manyoya ya kijivu. Kiache hatua ishirini tu nyuma ya mashua. Ongeza mwendo, kama mtu anayewahi kanisani. Pita karibu na mdomo wa kijito, na usinyooke; yumba kama mlevi, maana wengi hudaka kwenye kona. Ufito uushike mkononi, uuvute kidogo kidogo.

Delwin aliuvuta kila alipovuta pumzi. Sikumwambia kamwe kwamba nilikuwa namwiga.

Shemeji yako,
Orrin

Pembury Cove
19 Mei 1974

Shemeji Orrin,

Natumaini barua hii inakukuta una nafuu. Jana tulimzika. Mvua ilikuwa nyepesi, kama haina uhakika.

Wiki nzima nilipata trauti wawili wadogo, nikawarudisha. Ijumaa asubuhi, kwenye kona ya pili mbele ya kijito, nilikuwa navuta pumzi na ufito, navuta pumzi na ufito, sijui kama nilikuwa macho. Samoni akaruka kutoka kwenye ukungu mara tatu. Sikupiga kelele. Nilimwambia, "Taratibu, baba," kana kwamba ni mtu.

Nilimpika kwa mchuzi wa mayai. Kila mtu alipata kipande, japo kidogo. Shangazi Ludie akaniuliza, "Verna, usitudanganye, huyu kavuliwa na nani?"

Nikawaambia, "Na Orrin. Mimi nilishika ufito tu."

Basi wakakutaja mezani, pamoja na ndugu yako, kama mtu aliyekuwepo.

Juni ukitoka, utakapokuwa peke yako majini, nikumbuke na mimi.

Shemeji yako,
Verna